Mbio Ndefu Ukubwani: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kisubiriwe

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za marathoni. Yeye na mshindi wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, walipewa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Baada ya kilomita 42.195, kilichowatenganisha kilikuwa sekunde 0.03. Kwa mwanariadha wa daraja hilo kila jambo dogo lina uzito: uzito wa kiatu, aina ya kinywaji, hata upande wa upepo.

Kwa mtu mzima anayeanza kukimbia akiwa na umri wa miaka arobaini, hesabu ni nyingine kabisa. Yeye hatafuti sehemu ya sekunde. Anatafuta kufika mwisho akiwa mzima, na kurudi kazini Jumatatu kwa miguu yake mwenyewe. Hata hivyo, biashara iliyostawi kandokando ya mbio mara nyingi humuuzia huyu wa pili bidhaa zilizokusudiwa yule wa kwanza.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo wa pili. Hebu tumfikirie mama wa miaka 43, karani wa ofisi jijini Dar es Salaam, ambaye wenzake kazini wamemshawishi ajiunge nao katika Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Hajakimbia tangu shule ya sekondari. Ana akiba kiasi, ana hamu kubwa, na simu yake imejaa matangazo ya viatu, saa, poda na makocha. Tungependa kumweleza ni fedha gani itamfaa, ni fedha gani itapotea, na afanye nini endapo atadhulumiwa.

Kitu kisichouzwa dukani

Tuanze na jambo ambalo hakuna muuzaji atakayemwambia. Kinachomwezesha mtu kukimbia masafa marefu ni muda wa maandalizi, na muda huo haununuliwi. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazoelekezwa kwa wanaoanza huuzwa kana kwamba ni badala ya muda. Hakuna hata moja iliyo badala yake.

Sababu imo ndani ya mwili wenyewe. Moyo na mapafu huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache. Mifupa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi katika mwezi wa pili au wa tatu, ambapo mwanafunzi wa mbio huhisi pumzi imepatikana na miguu ni myepesi, ilhali mfupa wa muundi na kano ya kisigino bado havijakomaa kwa kazi hiyo. Wengi huumia katika kipindi hicho cha kujisikia vizuri. Maumivu yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, yanayoongezeka kila ukikimbia, au yanayouma hata ukiwa umelala, yanahitaji daktari na mapumziko. Dawa ya kupaka na kiatu kipya havitayaponya.

Kwa mtu kama huyo karani, ushauri wetu ni huu. Aanze na siku tatu kwa wiki, nusu saa kila siku, akichanganya kutembea na kukimbia polepole. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: akishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, anakwenda kasi mno. Akiweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, ajiandikishe mbio za kilomita 5, ambazo nazo hufanyika mjini Moshi siku ile ile ya marathoni. Nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, isubiri miezi kadhaa ya mazoezi yasiyokatizwa. Marathoni kamili isubiri mwaka mmoja au zaidi. Mwenye kumwahidi vinginevyo anamwahidi kwa faida yake mwenyewe.

Fedha ya kwanza: kupima afya

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mtu asiye na maradhi yanayojulikana wala dalili za hatari anaweza kuanza kutembea kesho asubuhi bila kibali cha mtu. Lakini kutembea ni jambo moja, na kujiandaa kwa saa tano au sita za kukimbia juani ni jambo jingine.

Kabla ya kununua kifaa chochote, tunamshauri mlaji apime shinikizo la damu na sukari. Vipimo hivi ni vya gharama ndogo kuliko takriban kila kitu kitakachotajwa baadaye katika makala haya. Shinikizo la damu lililopanda halina dalili kwa watu wengi, na mtu anaweza kulibeba kwa miaka bila kujua. Aidha, amwone daktari kabla ya kuanza iwapo lolote kati ya haya linamhusu:

– amewahi kusikia maumivu au kubanwa kifua anapopanda ngazi au kutembea haraka;
– amewahi kuzimia au kukaribia kuzimia katikati ya kazi ngumu;
– katika familia yake kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, kwa moyo au kwa sababu isiyojulikana;
– ana shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, wa figo au pumu;
– ana selimundu, yaani siko seli, au amewahi kuelezwa kwamba amebeba vinasaba vyake.

Jambo hili la mwisho halipewi uzito unaostahili. Mwenye kubeba vinasaba vya selimundu bila kuugua anaweza kukimbia, lakini juhudi za ghafla na za kupita kiasi katika joto, kabla mwili haujazoea, zinaweza kumletea madhara makubwa. Ni vyema ajue hali yake na aongeze mazoezi kwa uangalifu.

Kanuni moja zaidi: mwenye homa hakimbii. Apime malaria kwanza, atibiwe, apone, ndipo arudi barabarani. Ada ya mbio iliyokwisha kulipwa si sababu ya kukimbia ukiwa mgonjwa.

Viatu: kipya, mtumba na bandia

Kiatu ndicho kifaa pekee ambacho mkimbiaji wa kawaida anakihitaji kweli, na ndipo panapotokea hasara nyingi. Kiatu kinachofaa ni kile kinachokaa vizuri mguuni tangu siku ya kwanza. Kijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisiteleze. Kama muuzaji anasema kitaachia baada ya muda, tafuta kingine.

Viatu vya bei kubwa vyenye bamba la kaboni ndani ya soli vilitengenezwa kwa ajili ya wanaoshindana kwa sekunde. Shirikisho la Riadha la Dunia hata limeweka kikomo cha unene wa soli katika mbio za barabarani, milimita 40, kwa sababu teknolojia hiyo inabadilisha matokeo katika daraja la juu. Kwa anayeanza, kiatu hicho ni ghali, hukaa mguuni kwa namna tofauti na kiatu cha kawaida, na hakimwondolei haja ya mazoezi.

Wengi wetu hununua viatu vya mtumba, na si aibu wala si kosa. Karume jijini Dar es Salaam na Memorial mjini Moshi, mtu mvumilivu hupata kiatu kizuri. Lakini ajue anachonunua. Kinachozeeka kwanza katika kiatu cha mbio ni ile sehemu laini ya soli inayopokea kishindo. Upande wa juu unaweza kung'aa baada ya kusafishwa huku ndani pamekwisha. Fanya majaribio haya matatu kabla ya kutoa fedha:

– weka viatu vyote viwili juu ya meza iliyo sawa na uvitazame kwa nyuma; kikiegemea ndani au nje, kimekwisha pindika kwa mguu wa mwenyewe wa kwanza;
– bonyeza upande wa soli kwa kidole gumba; ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo iliyolala, imechoka;
– kunja kiatu na uangalie gundi mahali soli inapokutana na ngozi. Kiatu kilichokaa miaka ghalani huachana hapo.

Linganisha bei kwa kilomita, si kwa jozi. Kiatu cha mbio kwa kawaida hukadiriwa kudumu kati ya kilomita 500 na 800. Tuseme, kwa mfano tu, kiatu kipya kinauzwa shilingi 180,000 na kitadumu kilomita 600: kila kilomita inagharimu shilingi 300. Mtumba wa shilingi 60,000 uliobakiwa na kilomita 150 unagharimu shilingi 400 kwa kilomita. Kinachoonekana rahisi ndicho kilicho ghali. Lakini mtumba huo huo ukiwa umebakiwa na kilomita 400, gharama ni shilingi 150, na hapo mnunuzi amefaidi.

Tatizo la tatu ni bidhaa bandia, yaani kiatu kipya chenye jina la kampuni maarufu ambacho kampuni hiyo haikukitengeneza. Hiki ni kibaya kuliko mtumba uliotumika vizuri, kwa kuwa hakuna anayejua soli yake imetengenezwa kwa nini. Tazama kama namba ya bidhaa kwenye boksi inafanana na ile iliyo kwenye lebo ndani ya kiatu. Tazama tahajia ya jina, unyofu wa mishono na kama viatu viwili vinafanana kwa umbo. Bei iliyo chini sana kuliko ya maduka mengine haitokani na ukarimu. Dai risiti ya kielektroniki kila unaponunua dukani. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba bidhaa ilitoka kwa nani. Muuzaji anayekataa kuitoa amekwisha kukuambia jambo muhimu kumhusu.

Saa na vipimo

Saa inayopima umbali kwa setilaiti ni chombo cha manufaa, ila si cha lazima. Saa ya kawaida na njia unayoijua urefu wake zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukiinunua, usiwe mtumwa wa namba zake. Saa nyingi hukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri wako katika 220. Kwa karani wetu wa miaka 43 jibu ni 177. Namba hiyo ni wastani wa watu wengi, na kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini. Saa ikisema una nguvu na mwili ukasema umechoka, uamini mwili.

Poda, vidonge na vinywaji

Hapa tunaomba msomaji awe makini kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa hasara yake huweza kuwa uhai.

Mwaka 2012 mkimbiaji mmoja asiye wa kulipwa alianguka akikaribia mwisho wa London Marathon na akafariki. Uchunguzi wa korona, uliohitimishwa mwaka uliofuata, ulieleza kwamba moyo ulishindwa kwa sababu ya juhudi kubwa, na kwamba DMAA, kichangamshi kilichokuwa katika poda aliyotia kwenye maji yake, kilichangia. Poda hiyo ilikuwa imeuzwa kama kirutubisho. Funzo lake ni la wazi: neno “kirutubisho” kwenye kopo si ushahidi wa usalama, na neno “asilia” halisemi lolote juu ya nguvu ya kilichomo.

Nchini Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na dawa zimebaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kabla ya kununua, tafuta kwenye kifungashio jina na anwani ya mtengenezaji, orodha kamili ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lisilo na mojawapo ya hivyo lirudi rafuni. Poda inayopimwa kwa kijiko na kuuzwa kwenye mfuko usio na maandishi isinunuliwe kabisa. Na mwenye ndoto ya kushindana akumbuke kwamba katika sheria za kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, mwanariadha huwajibika kwa kila kilichokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kilimo ndani ya kopo.

Tahadhari ya pili inahusu dawa za maumivu. Baadhi ya wakimbiaji humeza ibuprofeni au diklofenaki asubuhi ya mbio ili kuzuia maumivu yasianze. Dawa hizi hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu anayetoka jasho kwa saa nyingi tayari zinafanya kazi katika shida. Vilevile huficha maumivu ambayo yangekuonya usimame. Hazinunuliwi kwa ajili ya kukimbilia.

Basi mkimbiaji ale na kunywa nini? Kwa mazoezi ya chini ya saa moja, maji yanatosha. Kwa mwendo mrefu zaidi mwili unahitaji wanga, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25. Ndizi na tende chache mfukoni zinafanya kazi ile ile ya pakiti za jeli zinazouzwa kwa wanariadha, kwa bei isiyolingana. Chochote utakachokula siku ya mbio uwe umekijaribu katika mazoezi, kwa sababu tumbo halipendi mambo mapya saa ya nne ya kukimbia.

Kuhusu maji, wengi hudhani kwamba kadiri unavyokunywa mengi ndivyo ulivyo salama. Si kweli. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho na kukuta asilimia 13 wana kiwango cha chumvi kilichoshuka chini ya kawaida. Waliokunywa kupita kiasi hata wakaongezeka uzito njiani walikuwa katika hatari zaidi. Chumvi ikishuka sana ubongo huvimba, na mtu huweza kufa. Kunywa unapohisi kiu. Usijilazimishe kila kituo.

Makocha na programu za mazoezi

Kocha mwema ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Lakini mtu kuwa na wafuasi wengi mtandaoni au medali nyingi ukutani si sawa na kujua kufundisha. Kabla ya kulipa, uliza: amesomea wapi ukocha? Anajua huduma ya kwanza? Je, amekuuliza umri wako, maradhi yako, dawa unazotumia na kazi unayofanya kutwa, kabla ya kukutumia ratiba? Kocha anayetuma ratiba moja kwa watu wote hajakufundisha wewe, amekuuzia karatasi.

Lipa kwa mwezi, si kwa mwaka. Omba makubaliano kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, yanayotaja atakachofanya, kwa muda gani, na fedha itarudishwaje ukiumia au akishindwa kuendelea. Anayeahidi kumfikisha mtu asiyewahi kukimbia kwenye marathoni ndani ya wiki sita asipewe fedha kabisa.

Kujiandikisha: maswali kabla ya kulipa

Mbio za barabarani zimekuwa nyingi nchini. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, sasa ina wenzake katika miji mingi, na nyingine huandaliwa kuchangia huduma za jamii. Jambo hili ni jema. Hata hivyo, ada ya mbio ni malipo ya huduma kama huduma nyingine yoyote, na anayelipa ana haki ya kujua analipia nini. Tunapendekeza maswali haya:

1. Mwandaaji ni nani, ofisi yake iko wapi, na je, mbio zina kibali cha Baraza la Michezo la Taifa na zinatambuliwa na Riadha Tanzania?
2. Ada inajumuisha nini: fulana, medali, chipu ya kupima muda, bima?
3. Kuna vituo vingapi vya maji, na viko kila baada ya kilomita ngapi?
4. Kuna magari ya wagonjwa na wahudumu wa afya wangapi, na watakaa wapi?
5. Barabara itafungwa kwa magari hadi saa ngapi? Mkimbiaji wa mwisho atalindwa na nani?
6. Mbio zikiahirishwa au kufutwa, fedha inarudi, au inahamishiwa tarehe mpya?
7. Kama zinachangia huduma ya jamii, ni kiasi gani cha ada kinachokwenda huko, na taarifa itatolewa lini?

Swali la tano huwahusu wanaoanza kuliko wengine wote. Mshindi hukuta barabara imefungwa na vituo vimejaa maji. Anayefika baada ya saa sita huweza kukuta meza zimekunjwa na malori yanapita. Umelipa ada ile ile; uliza kama huduma nayo itakuwa ile ile.

Ulipapo kwa simu, tumia namba ya malipo iliyotangazwa na mwandaaji mwenyewe. Soma jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya la mwandaaji, sitisha na uulize. Hifadhi ujumbe wa malipo mpaka mbio zipite. Jihadhari na wanaojitokeza siku za mwisho kuuza nafasi baada ya usajili kufungwa.

Usinunue wala kukimbia kwa namba ya mtu mwingine bila mwandaaji kubadilisha jina. Ukianguka njiani, wahudumu wa afya watasoma jina, umri na simu ya ndugu wa mtu ambaye si wewe. Simu itapigwa nyumba nyingine wakati wako hawajui.

Fomu za usajili huuliza tarehe ya kuzaliwa, simu, na wakati mwingine hali ya afya. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa hizo ana wajibu wa kuzitumia kwa kusudi lililoelezwa. Uliza kama zitapelekwa kwa wadhamini. Mwisho wa fomu huwa na tamko kwamba unashiriki kwa hiari na unazijua hatari. Lisome. Ni haki kwa mwandaaji kukueleza hatari za kukimbia; lakini saini yako haigeuzi ahadi ya uongo kuwa ya kweli, na mwandaaji aliyeahidi magari ya wagonjwa lazima ayalete.

Siku yenyewe

Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, majira ya joto, na njia yake ina mwinuko mrefu kuelekea Mweka. Anayefanya mazoezi kwenye barabara tambarare ya Dar es Salaam alifikirie hilo mapema. Aanze polepole kuliko anavyohisi anaweza, na avae nguo nyepesi.

Mwili ukizidiwa na joto, mkimbiaji huanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, kuwa mkali bila sababu au kutowatambua wenzake. Hiyo ni dharura. Mpelekeni kivulini, mwiteni mhudumu, na mmpoze mara moja kwa maji baridi mengi mwili mzima, kwa ndoo, kwa barafu, kwa chochote kilichopo, huku msaada ukija. Msisubiri afike hospitali ndipo apozwe. Maumivu ya kifua, kuzimia, na mapigo ya moyo yanayoruka yana amri moja: simama.

Watanzania wengi tumekua tukisikia habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akafika mwisho, wa mwisho kati ya waliomaliza. Tunamheshimu kwa haki. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa aliyejiandaa kwa kazi ile, na aliyaelewa maumivu yake kwa uzoefu. Habari yake isitumiwe kumsukuma mtu anayeyumba kwa joto aendelee. Hakuna medali ya kushiriki inayostahili figo wala moyo, na mbio hizo hizo zitakuwepo mwakani.

Ukidhulumiwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kuwapotosha walaji kuhusu ubora, asili au manufaa ya bidhaa na huduma. Kiatu bandia kilichouzwa kama halisi, poda iliyodaiwa kutibu, na mbio zilizotangaza huduma zisizokuwepo, yote yamo katika maana hiyo. Fuata hatua hizi:

Kwanza, kusanya ushahidi: risiti, ujumbe wa malipo, picha ya tangazo, picha ya bidhaa na mazungumzo ya simu. Usitupe boksi wala kopo. Pili, mwandikie muuzaji au mwandaaji, eleza tatizo kwa ufupi, sema unachotaka (kurudishiwa fedha, kubadilishiwa au kutimiziwa huduma) na mpe muda wa kujibu, tuseme siku saba. Malalamiko mengi huisha hapa yakiandikwa kwa adabu na kwa tarehe. Tatu, asipojibu, leta malalamiko yako kwa maandishi ofisini kwetu pamoja na nakala za ushahidi. Bidhaa ya chakula au kirutubisho kinachotia shaka kitaarifiwe pia TBS, na dawa TMDA. Ukipata madhara ya kiafya, nenda hospitali kwanza ukiwa na kopo lenyewe mkononi, malalamiko yatafuata.

Kwa muhtasari

Tukirudi kwa karani wetu, huu ndio mpangilio tunaomshauri. Wiki hii apime shinikizo la damu na sukari. Mwezi huu anunue kiatu kimoja kinachomkaa, kipya au mtumba aliouchunguza, na aanze kutembea na kukimbia siku tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu, akiwa bado anaendelea, ajiandikishe kilomita 5 kwa mwandaaji aliyejibu maswali saba. Saa, kocha na fulana za kupendeza zisubiri hadi atakapojua kwamba anaupenda mchezo wenyewe. Poda zisubiri daima.

Akifuata njia hiyo huenda wenzake wakamtania kwamba anachelewa. Awaache. Mbio ndefu ni za anayejua kugawa nguvu zake, na mgawo huo huanza kwenye mkoba, miezi mingi kabla ya mlio wa kuanzia.